Pamba Inaanzia Kwenye Kamba

Najua wengine mnanisikiliza mkiwa njiani kuelekea shambani, redio imefungwa kwenye baiskeli, na wengine mko jikoni mnasubiri uji uchemke. Leo nina hesabu ya kuwapa. Aliye karibu na kalamu aishike. Asiye na kalamu anisikilize pole pole, maana hesabu yenyewe si ngumu.

Ekari moja ya pamba katika Kanda ya Ziwa, kuanzia Bariadi na Maswa mpaka Kwimba, Kahama na Bunda, hutoa kwa wastani kilo 200 hadi 300 za pamba mbegu. Watafiti wetu wanasema ekari hiyo hiyo, kwa mbegu hizi hizi tunazozijua, inaweza kutoa kilo 1,000. Tumeisikia kauli hiyo mara nyingi kwenye mikutano ya hadhara, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani. Leo nataka tuingie ndani yake tuone hizo kilo nyingine zinapotelea wapi.

Chukua kitumba kimoja kilichokomaa na kupasuka vizuri. Pamba iliyomo ndani, pamoja na mbegu zake, ina uzito wa gramu 4 hivi, pengine 5. Tuchukue 4. Mkulima aliyevuna kilo 250 kwenye ekari yake amevuna gramu 250,000. Gawanya kwa 4. Unapata vitumba 62,500. Sasa, kama alifuata vipimo vya zamani, shambani kwake kulitakiwa kuwa na mashina ya pamba kama 22,000. Maana yake kila shina lilimpa vitumba chini ya vitatu. Msikilizaji, wewe unayelima pamba unajua kwamba shina lenye afya hubeba vitumba kumi na kupita. Hivyo vingine viko wapi?

Yapo majibu mawili. La kwanza ni kwamba vitumba vilikuwepo, vikaliwa na funza au vikadondoka kwa jua. La pili ni kwamba mashina yenyewe hayakuwepo. Wataalamu wetu huzungumza sana juu ya jibu la kwanza, kwa sababu funza anaonekana na dawa yake inauzwa. Mimi nasema jibu la pili ndilo linalotupotezea zaidi. Pita kwenye mashamba mwezi Januari uangalie: hapa pana miche sita imebanana kwenye shimo moja, mbele yake hatua nzima hakuna kitu, kisha mitatu, kisha magugu. Shamba linaitwa la ekari mbili, lakini pamba iliyomo ni ya ekari moja. Anayelima, anayepalilia na anayenyunyizia dawa anafanya kazi ya ekari mbili, na mzani unampa malipo ya moja.

Ndiyo maana leo sizungumzii dawa. Nazungumzia kupanda.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kupanda kwa nafasi ya sentimita 90 kati ya mstari na mstari, na sentimita 40 kati ya shimo na shimo, mashina mawili kila shimo. Sasa Bodi ya Pamba na watafiti wanahimiza sentimita 60 kwa 30, mashina mawili vilevile. Tuone tofauti yake shambani, kwa vipimo vyetu wenyewe. Ekari kwetu ni hatua 70 kwa hatua 70. Mtu mzima akitembea kawaida, hatua 70 ni kama mita 63. Kwa nafasi ya zamani, upande mmoja unaingia mistari 70, na kila mstari una mashimo kama 157. Jumla ni mashimo 11,000 kasoro kidogo, mashina kama 22,000. Kwa nafasi mpya, upande huo huo unaingia mistari 105, na kila mstari una mashimo 210. Zidisha: mashimo 22,050. Kila shimo likiwa na mashina mawili, umepata zaidi ya 44,000. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Sasa rudi kwenye kile kitumba cha gramu 4. Mashina 44,000, kila shina likikupa vitumba vitano tu, ni kilo 880. Kwa vipimo vya zamani, kufikia hapo, kila shina lingelazimika kukupa vitumba kumi, na hivyo kumi vyote vipone mikononi mwa funza, chawajani na jua la Februari. Ni rahisi zaidi kuliomba shina vitano kuliko kumi.

Kuna mtu atasema pamba ikibanana haizai. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na haifai kupuuzwa. Shina lililopandwa peke yake kwenye nafasi kubwa hutanua matawi, likapendeza macho, likabeba vitumba vingi. Lakini vitumba hivyo huchukua muda mrefu. Vya chini vinapasuka huku vya juu bado ni maua, na mkulima anavuna kwa miezi. Pamba iliyopandwa kwa nafasi ndogo haitanui matawi mengi. Inabeba vitumba vyake vya mwanzo karibu na shina, vikakomaa kwa wakati unaokaribiana. Halafu majani yanakutana mapema juu ya mistari, kivuli kinafunika ardhi, na magugu yanakosa jua. Kinachoharibu ni ile miche sita ndani ya shimo moja. Huko ndiko kubanana kwenyewe.

Hapo nakuja kwenye kazi ambayo wakulima wengi hawaipendi, nayo ni kupunguza miche. Nawaelewa. Umepanda, umeomba mvua, mche umetoka ardhini na majani yake mawili mazito, kisha mtu anakuambia uung'oe. Mkono unasita. Lakini mche wa tano ndani ya shimo moja hausaidii chochote: unakunywa maji ya wenzake, unakula samadi ya wenzake, kisha wote watano wanarefuka wembamba wakitafuta jua. Punguza mapema, wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, udongo ukiwa na unyevu ili mizizi ya unaoubakiza isikatike. Acha miwili yenye afya. Mahali ambapo hapakuota, rudishia mbegu ndani ya siku chache za mwanzo. Ukirudishia baada ya mwezi, mche huo utakua kwenye kivuli cha wenzake na hautakupa kitu.

Sasa kamba. Kifaa hiki hakikopeshwi wala hakikatwi kwenye malipo yako, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Tafuta kamba ndefu isiyovutika. Kamba inayovutika kama mpira itakudanganya vipimo ikikazwa. Ipime kila sentimita 30 na ufunge alama ya kitambaa chenye rangi inayoonekana. Usifunge fundo la kamba yenyewe, maana kila fundo linakula urefu, na ukifika mwisho utakuta alama zako zimesogea. Kata fito mbili zenye urefu wa sentimita 60 kamili. Watu wawili wanashika ncha za kamba, mmoja kila upande wa shamba, kila mmoja na ufito wake. Mchimbaji anafuata alama kwa jembe, pigo moja kila kitambaa. Nyuma yake anakuja mwenye mbegu, anadondosha na kufukia kwa mguu, kina cha sentimita 2 au 3, si zaidi. Mstari ukiisha, wa kwenye ncha wanalaza fito chini, wanahamisha kamba hadi mwisho wa fito, wanaikaza, kazi inaendelea. Mistari ikate mteremko, isifuate maji yanakokwenda. Siku ya kwanza mtasuasua. Siku ya pili mikono inazoea, na mtoto aliyesoma darasa la nne anaweza kushika ncha ya kamba asikosee.

Kina cha shimo nakirudia, kwa kuwa watu wanakipuuza. Mbegu ya pamba si ya mahindi. Mche wake unatoka ardhini ukiwa umebeba majani ya mbegu mgongoni, na kama udongo juu yake ni mwingi au umepigwa na mvua ukaganda, unachoka njiani na kufia chini. Kwenye udongo mzito wa mbuga hilo hutokea zaidi. Kwenye luseni, ule udongo mwepesi wa kichanga wa kwenye miinuko, mche unatoka kwa urahisi, lakini unyevu nao unaondoka haraka. Kwa hiyo kwenye luseni panda mara tu baada ya mvua nzuri, usisubiri kesho kutwa.

Na mbegu yenyewe? Wengi wetu bado tunapokea mbegu zenye manyoya kutoka viwanda vya kuchambua pamba. Zinashikana kama sufu, na ndiyo sababu mtu anadondosha kumi akidhani ni nne. Mbegu zilizoondolewa manyoya zinahesabika kidoleni, na kwa kupanda kwa kamba hizo ndizo zinazofaa. Ukipata zenye manyoya, zitenganishe vizuri kabla ya kuingia shambani. Lakini kama zimepakwa dawa usizioshe, usizisugue kwa mikono mitupu, na mabaki yake asipewe kuku wala mbuzi. Kwa aina, wengi mnaifahamu UK 91, iliyotoka Ukiriguru na kututunza miaka mingi. Sasa tunayo UKM08, ambayo inatoa nyuzi nyingi zaidi kwa kila kilo ya pamba mbegu, na wilaya ya Igunga kule Tabora imekuwa ikitumika kuizalisha mbali na mchanganyiko. Usichanganye hizo mbili kwenye shamba moja, wala usitunze mbegu ya kuokota kwenye pamba yako ya mwaka jana.

Nimeitaja Ukiriguru, nami siwezi kupita hapo bila kusimama kidogo. Kituo hicho kilichopo Misungwi, jirani kabisa na Mwanza, kimefanya utafiti wa pamba tangu miaka ya 1930. Ukishika jani la pamba yetu na kulipapasa kwa kidole utahisi vinyweleo. Vinyweleo hivyo havikuja kwa bahati. Watafiti walichagua kizazi baada ya kizazi mashina yenye majani ya manyoya, kwa sababu chawajani hapendi kutua na kufyonza kwenye jani la namna hiyo. Hapo hapo Ukiriguru ndipo walipojaribu matuta yaliyofungwa, yaani matuta ambayo mifereji yake imezibwa kwa udongo kila baada ya hatua chache ili maji ya mvua yasikimbie. Wazee wengi wa Usukuma waliiona kazi hiyo kwa macho yao. Baadhi walilazimishwa kuifanya na serikali ya kikoloni, wakaichukia, na walikuwa na haki ya kuchukia kulazimishwa. Lakini elimu yenyewe ilikuwa nzuri. Kwenye mteremko wa luseni, mwaka wenye mvua za kubahatisha, tuta lililofungwa bado linashinda shamba la sesa, lisilo na matuta.

Tuzungumze tarehe. Kwa Kanda ya Magharibi ya kilimo cha pamba, ambayo ndiyo sisi wa huku, upandaji unaanza tarehe 15 Novemba na unatakiwa kuisha tarehe 15 Desemba. Kanda ya Mashariki, yaani Morogoro, Pwani, Tanga na Kilimanjaro, wao wanapanda Februari na Machi. Kwa nini kwetu ni Novemba? Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba, zinapungua Januari na Februari, kisha zinarudi Machi na Aprili. Pamba iliyoota Novemba inakutana na jua la Januari ikiwa tayari imezamisha mizizi. Pamba iliyoota mwanzoni mwa Januari inakutana na jua hilo ikiwa na majani manne. Ile ya kwanza inatoa maua na kutunga vitumba ikiwa na nguvu. Ya pili inapata maua wakati funza wameshazaliana vya kutosha katika mashamba ya majirani, wanahamia kwake wote. Kisha mvua za Aprili zinainyeshea pamba changa, inarefuka badala ya kuzaa. Unapoona mtu anavuna Septemba huku wenzake wanauza Juni, hakupungukiwa na dawa. Alichelewa kupanda.

Mtaniambia: tunachelewa kwa sababu tunaanza na chakula. Hapo mna haki, na afisa yeyote anayekuja kijijini kuwaambia mpande pamba kabla ya mahindi na mtama hajui njaa ni nini. Familia ipate chakula kwanza. Lakini tuiangalie kazi yenyewe. Kama mna maksai jozi moja, mkilima chakula chote kwanza kisha mkaanza pamba Desemba ishirini na kitu, pamba hiyo imeshapoteza. Pendekezo langu ni kupunguza eneo la pamba, liwe ekari moja inayopandwa kwa wakati na kwa kamba, badala ya ekari tatu zinazotupiwa mbegu nyuma ya plau siku ambazo nguvu zimeisha. Ekari moja yenye mashina 44,000 ina pamba nyingi kuliko mbili zenye mapengo, na palizi yake ni nusu. Shamba lake mnaweza kulitayarisha Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashika, mkasambaza samadi iliyolala zizini na kupima mistari. Mvua ikija, mnagawana: maksai wanaenda kwenye mahindi, na watu wenye kamba wanaenda kwenye pamba.

Jambo jingine linalounganisha pamba na chakula ni kiduha. Mnakijua, kile kigugu chenye maua ya zambarau kinachonyonya mahindi na mtama kutoka kwenye mizizi mpaka yanadumaa. Mizizi ya pamba huziamsha mbegu za kiduha zilizolala ardhini, zikaota, kisha zikafa kwa kuwa haziwezi kuinyonya pamba. Kwa hiyo shamba lililokuwa na pamba mwaka huu linakuwa na kiduha kidogo mwaka kesho unapopanda mtama. Zungusheni mazao. Msiiache pamba mahali pamoja miaka kumi, na msiuache mtama mahali pamoja miaka kumi.

Sasa niseme yale ambayo hayasemwi sana kuhusu 60 kwa 30. Anayepalilia kwa maksai atapata shida. Nira zetu nyingi na majembe ya kupalilia yamezoea mistari ya sentimita 90, na ng'ombe wawili wakiingizwa kwenye mistari ya 60 watakanyaga pamba. Kwa hiyo nafasi mpya inataka jembe la mkono kwa palizi ya kwanza na ya pili, na ukweli ni kwamba jembe hilo katika nyumba nyingi linashikwa na mama. Yeye ndiye aliyeshika ncha ya kamba, yeye ndiye atakayepunguza miche akiwa ameinama kutwa, yeye ndiye atakayepalilia. Kisha Juni pamba inapimwa, na fedha inalipwa kwa jina la baba. Mimi nawaomba wanaume wenzangu, kabla ya kukaza kamba ya kwanza, mkae na mama watoto mkubaliane fedha hiyo itafanya nini: ada, bati, ng'ombe, au chochote. Kijiji ambacho wanawake hawaoni faida ya pamba, hakuna kipimo kitakachofuatwa humo, na siwalaumu.

Ambaye hana watu wa kutosha kwa palizi ya mkono, au shamba lake ni la mbuga yenye rutuba ambako pamba hurefuka kupita kifua, anaweza kuendelea na mistari mipana kwa kulima na maksai, mradi apande kwa kamba, kwa wakati, na asiache mapengo. Hilo peke yake litamwongezea mavuno. Nafasi ya 60 kwa 30 ni nzuri, nami naitetea, lakini shamba la 90 kwa 40 lililojaa linashinda shamba la 60 kwa 30 lililokosa palizi. Pamba inakua taratibu sana mwezi wa kwanza. Wiki sita hadi nane za mwanzo ndizo magugu yanazoiua, na mwenye mashina mengi machafu amezidisha hasara.

Kuhusu wadudu nitapita haraka. Kagua shamba kabla ya kunyunyizia. Ingia ndani, angalia mashina ya hapa na pale, fungua maua na vitumba vichanga, tafuta funza akiwa mdogo. Usipige dawa kwa sababu jirani kapiga. Msimu ukiisha, ng'oa na choma masalia kabla ya tarehe 15 Septemba, maana pamba inayoachwa imesimama ndiyo nyumba ya kuwalea wadudu mpaka Novemba. Mmoja akiacha, kitongoji kizima kinalipa.

Najua swali lililobaki mdomoni mwa wengi: bei. Kweli, mwaka 2020 bei elekezi ilishuka hadi shilingi 810 kwa kilo. Taifa lililokuwa limevuna zaidi ya tani 348,000 msimu wa 2019/2020 likavuna takriban tani 122,000 msimu uliofuata. Mwaka 2022 bei elekezi ikapanda hadi 1,560, mwaka 2023 ikarudi 1,060, mwaka 2024 ikawa 1,150. Bei hiyo inafuata soko la nyuzi duniani, na mkulima wa Itilima haalikwi kwenye meza inayoipanga. Anayo haki ya kuidai Serikali, Bodi na ushirika wake vimtetee, na asiache kudai. Wazee wetu walifanya hivyo. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa huku walichoka kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakajiunga vikundi vikundi, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, na mwaka 1955 wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikuwa kubwa kuliko mengine Afrika na likamiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba. Nguvu yao ilitokana na kuwa na pamba ya kuuza, nyingi na safi. Kwa bei ya 1,150, mwenye kilo 250 anapata shilingi 287,500, na ukitoa dawa, mbegu na vibarua, hana la kumwambia mtu. Mwenye kilo 600 anapata 690,000 kwenye ekari ile ile. Huyo anaweza kusimama kwenye mkutano wa AMCOS, chama chake cha ushirika, akazungumza na watu wakamsikiliza.

Na viongozi wa AMCOS mnaonisikiliza, hili ni lenu. Hakuna mkulima atakayepanda tarehe 15 Novemba kwa mbegu inayofika tarehe 20 Desemba. Andikisheni wakulima na ekari zao mapema, pelekeni mahitaji yenu kwa maandishi, fuatilieni, na mbegu ikichelewa semeni hadharani imechelewa wapi. Mbegu iwe ghalani kwenu kabla Oktoba haijaisha. Kama mnaweza, chama kiwe na kamba chache zilizopimwa vizuri, watu waazime kwa zamu.

Wewe mkulima unayesitasita, sikuombi ubadilishe shamba lote. Pima robo ekari, hatua 35 kwa hatua 35, kwenye kona ya shamba lako yenye udongo uleule. Hapo panda kwa kamba, 60 kwa 30, ndani ya Novemba, punguza miche ibaki miwili, palilia kwa wakati. Kwingine kote fanya ulivyozoea. Mavuno ya robo hiyo yaweke kwenye gunia lake, yasichanganywe, pamba safi peke yake na pamba fifi, ile iliyochafuka, peke yake. Siku ya kuuza omba yapimwe mbali, andika uzito wake, zidisha mara nne, kisha linganisha na ekari zako nyingine. Karatasi hiyo ilete kwenye mkutano wa chama, uisome mbele ya wenzako, hata kama majibu hayatafanana na ya redio.